Mtani Aliyeliliwa Akiwa Hai

Kimashine kilichofungwa kwenye mkanda wa bega la Thobias kilikuwa kinalia tangu waliporuka, pi, pi, pi, kuonyesha kwamba wanapanda. Dakika kumi za mwanzo Mwanvita aliupenda mlio ule. Sasa ulikuwa umeungana ukawa ukelele mmoja usiokatika, na Thobias, aliyening'inia nyuma yake chini ya mwavuli mmoja wa kurukia, alikuwa ameacha kuimba.

"Mtani," alisema Mwanvita, "mbona Mindu inakwenda upande ule?"

Bwawa la Mindu, ambalo walipanga kutua kando yake, lilikuwa kushoto kwao, linang'aa kama bati jipya. Kila alipolitazama lilikuwa limesogea nyuma zaidi. Mji wote wa Morogoro, kuanzia mapaa ya Mafiga hadi njia ya reli ya Kingolwira, ulikuwa chini ya viatu vyake, na viatu vyake vilikuwa vinaelekea mlimani.

"Tunavutwa kulia," alisema Thobias. "Egemea kushoto. Egemea kwa nguvu zako zote."

Aliegemea. Thobias alivuta breki ya kushoto mpaka kiwiko chake kikagusa mbavu za Mwanvita. Juu yao mwavuli wa rangi ya chungwa uligeuka kidogo, ukasita, kisha ukarudi kulekule ulikotaka.

Mwanvita akainua macho akauona mshono wake. Ulikuwa upande wa kulia, mrefu kuliko mkono, mwekundu, umenyooka, na pande zote mbili za mshono ule kitambaa kilikuwa kimekunjamana. Alipouona akajua. Alitamani asiwe amejua.

Miaka kumi na minne alishona maturubai katika kiwanda kimoja cha pale mjini, mpaka kiwanda kilipouzwa na mwekezaji akaja kufunga mageti badala ya kuyafungua. Kiwandani kulikuwa na desturi yao. Aliyeshona turubai alisimama chini yake, wenzake wakalimwagia maji kwa mpira. Ukilowa, unarudi kwenye cherehani huku ukumbi mzima unakucheka. Mwanvita hakuwahi kulowa. Mshono wake ulikuwa wa kukunja mara mbili, kitambaa ndani ya kitambaa, uzi umekazwa mpaka sindano inalalamika.

Thobias naye alikuwa dereva wa Mzungu mmoja aliyekuja kurusha watalii kutoka Morningside, kule mlimani, miaka ile ambayo kila mgeni alishuka na biashara yake mfukoni. Mzungu akamfundisha kuruka, na alipochoka akaondoka akamwachia mwavuli wa watu wawili. Ulipochanwa na miba ya mkonge, mwaka uliofuata zile mvua za El Niño, Thobias alimpelekea fundi bora aliyemjua. Wageni kutoka Dar walikuwa wanakuja Jumamosi. Alipouliza nani atapanda naye kuujaribu, Mwanvita alimtazama kama aliyetukanwa.

"Nimeushona mimi," alisema. "Nasimama chini yake mimi."

Hakuna aliyemwambia kwamba kitambaa kile hakitaki nguvu. Kule kukunja mara mbili kulikula upana wa vidole vitatu, na upande wa kulia ukawa mfupi kuliko wa kushoto. Thobias alihisi mvuto tangu wakiwa ardhini. Akajiambia ni upepo, kwa sababu alitaka uwe upepo.

Wingu lililokuwa limekaa juu ya kilele cha Bondwa likawameza.

Humo ndani hakukuwa na juu wala chini. Kulikuwa na weupe, baridi ya kukata masikio, na ule ukelele. Maji yalitiririka kwenye nyuzi yakamwingia Mwanvita mikononi mwa blauzi. Alisoma aya alizozikumbuka, akazirudia. Kisha juu yao kukasikika sauti ya khanga mbichi ikikung'utwa, mara moja tu, na kimashine kikabadili sauti, kikaanza kuguna kwa sauti nzito, maana sasa walikuwa wanashuka.

"Upande umekunjika!" alipiga kelele Thobias. "Pandisha miguu! Funika uso!"

Mti wa kwanza uliwapiga. Wa pili ukawashika.

* * *

Mwanvita alipofumbua macho alikuwa ananing'inia kwenye ukungu, kichwa kimeinama, kandambili moja mguuni. Chini yake kulikuwa na urefu wa nyumba ya ghorofa, majani ya migomba mwitu, na mawe. Kila tawi lilikuwa limevaa kuvumwani, ule ukoga wa kijani wa mitini, uliolowa chepechepe. Alielewa kwamba wamevuka mgongo wa mlima na kuangukia upande wa mashariki, ule ambao watu wa mjini hawauoni, unakonyesha karibu kila siku ya Mungu.

"Thobias."

"Nipo."

"Umeumia?"

"Usigeuke kwanza," alisema Thobias.

Aligeuka. Tawi lililovunjika lilikuwa limempasua paja la kulia kutoka juu ya goti hadi karibu na nyonga, na chini ya goti mguu uliangalia upande ambao mguu hauangalii. Damu ilikuwa inamwagika polepole, haina haraka, na Mwanvita aliogopa utulivu ule kuliko angeogopa damu ya kuruka.

Alimfunga paja kwa mtandio wake, akakaza kwa kijiti. Kisha akachukua kisu cha Thobias na kuanza kukata nyuzi za mwavuli zilizolegea, moja moja, akizisuka tatu kwa tatu mpaka akapata kamba. Alijitoa kwenye mikanda, akashuka kwa kukumbatia shina, akaizungusha kamba kwenye mzizi na kumteremsha Thobias kidogo kidogo. Viganja vilimchunika. Thobias alipogusa ardhi alitoa sauti ambayo Mwanvita hakuwahi kuisikia kwa mtu mzima.

Baada ya muda akasema, kwa kuhema, "Mtani. Polepole. Kuna vyombo vya udongo ndani."

"Nyie Wanyamwezi si ndio mlisifika kubeba mizigo mpaka pwani? Leo mzigo ni wewe, na anayeubeba ni Mluguru."

"Ndiyo maana umevunjika."

Wakacheka, wote wawili, kicheko kifupi kibaya. Mwanvita akapanda tena mtini kuuteremsha mwavuli, maana ndio ulikuwa paa lao na blanketi lao. Ulichanika vipande kadhaa ukishuka, lakini ulishuka.

Sindano ya fundi hukaa kwenye ukosi wa nguo. Yake ilikuwepo, imezungushiwa uzi mwekundu uleule. Hakukuwa na moto. Kiberiti cha Thobias kilikuwa kimegeuka uji. Aliliosha jeraha kwa maji yaliyodondoka kutoka kwenye majani, akamwekea Thobias mkanda wa ngozi mdomoni.

Thobias akautoa kwanza. "Usinikunje mara mbili," alisema, akaurudisha.

Alimshona. Alianza polepole, lakini alipofika uzi wa tatu mkono ulikuwa umekumbuka kazi, na ukaifanya kazi kama ulivyozoea. Nyuzi kumi na tisa, karibu karibu, zimekazwa. Damu ikakoma. Thobias alikuwa amezimia zamani. Mwanvita aliutazama mshono wake akaona kitu cha kwanza kizuri siku ile, na hilo lilikuwa kosa lake la pili.

Mguu uliovunjika aliufunga kwa vijiti viwili. Ndipo aliposikia msumeno.

Hrr. Hrr. Hrr. Ulikuwa mbali, ng'ambo ya bonde, lakini hakuna aliyekulia milima ile anayeweza kukosea. Msumeno wa watu wawili, mmoja juu ya gogo na mmoja shimoni. Watu! Alisimama juu ya jiwe akapaza sauti mpaka koo likawaka.

"Jamani! Jamaniii! Tusaidieni! Mtu kaumia huku!"

Msumeno ukanyamaza.

Alingoja. Aliita tena, na tena. Bonde lilikaa kimya, hata ndege hawakulia. Ilipita kama saa nzima, kisha hrr, hrr, ukaanza upya, mbali zaidi kuliko mwanzo.

Mwanvita akakaa chini. Mjomba wake alikuwa mpasua mbao kabla hajafungwa, na ndiye aliyemsimulia. Msitu ule ulikuwa wa hifadhi. Kila aliyekuwemo na msumeno alikuwa mwizi wa serikali. Mwaka uliopita bwana misitu mmoja alijilaza porini akilia kwamba amevunjika mguu. Waliokwenda kumwokoa walishuka mlimani na pingu. Tangu hapo wapasua mbao waliwekeana sharti: ukisikia mtu anaomba msaada, kimbia.

"Wanakuja?" aliuliza Thobias alipozinduka.

"Wanakuja," alisema Mwanvita.

* * *

Siku ya pili alimwacha Thobias chini ya mwavuli, akaufuata msumeno. Mvua ilikuwa inanyesha bila kishindo, kama inayojua haina pa kwenda. Alivuka kijito, akapanda kwa kushika mizizi, akateleza, akapanda tena. Hakupiga kelele. Alitaka kuwafikia kabla hawajamsikia.

Walimsikia. Alipotokeza kwenye kambi yao, unga wa mbao ulikuwa ungali mwekundu na mbichi shimoni, gogo la mkangazi limepasuliwa nusu, mafiga yanafuka moshi wa moto uliomwagiwa maji. Aliyafukua majivu yale kwa vidole akitafuta kaa moja lililo hai. Yote yalikuwa yamelowa.

"Mimi si wa serikali!" aliiambia miti. "Mimi Mwanvita, kwetu Kinole! Nina mgonjwa! Njooni mumwone kwa macho yenu!"

Alijua wapo wanamsikiliza. Alijua pia kwamba kama yeye mwenyewe angekuwa kichakani mle, na mjomba wake yuko gerezani, asingetoka. Alikwangua ukoko wa ugali uliobaki kwenye sufuria, akauweka kifuani ndani ya jani, akachukua na chumvi. Alingoja mpaka miguu ikafa ganzi. Hakutoka mtu.

Akajaribu kukifuata kijito kushuka. Kilikwenda vizuri kwa muda, kisha kikaruka kwenye jabali na kupotelea kwenye ukungu, na Mwanvita akasikia maji yakipiga chini sana. Kulia jabali, kushoto jabali. Alirudi.

Siafu walikuwa wamefika kabla yake. Msafara mweusi, mpana kama mkanda, ulikuwa umenusa jeraha na kubakiza hatua tatu kulifikia. Thobias alikuwa macho, anawatazama. Alikuwa amejaribu kujivuta, kucha zake zimejaa tope, na amesogea urefu wa mkono mmoja tu.

Mwanvita alimburuta hadi ng'ambo ya kijito, Thobias akipiga mayowe njia nzima. Wakalala pale kwenye mawe, wanahema. Kila mmoja akatafuna kipande cha ukoko na chembe za chumvi, wakalamba vidole.

"Shuka peke yako kesho," alisema Thobias. "Ukizunguka majabali utapata njia. Utawaleta."

"Na siafu niwaambie wakusubiri?"

Thobias aligeukia maji ya kijito. Mwanvita alitamani amjibu, amtanie, amtukane, chochote. Usiku ule alikuwa anachemka homa, na Mwanvita alimlalia mgongoni chini ya kitambaa cha rangi ya chungwa, akimpasha joto asilokuwa nalo.

* * *

Asubuhi ya tatu mguu ulinuka.

Paja lilikuwa limevimba mpaka nyuzi zimezama ndani ya nyama. Zote kumi na tisa zilikuwa zimeshika. Uchafu ulikuwa umefungiwa ndani bila hata tundu la kutokea, na Mwanvita ndiye aliyeufungia. Alichukua kisu akaanza kukata mshono wake mwenyewe, uzi mmoja mmoja. Usaha ulitoka wa rangi ya maji ya mchele. Alilia bila sauti, akiosha na kukamua, akiosha na kukamua. Miaka yote ile alikuwa amejifunza kufunga tu.

Thobias alimwacha amalize. Macho yake yalikuwa yameingia ndani, midomo imepasuka, lakini akili ilikuwa imetulia, na hilo halikumpendeza Mwanvita hata kidogo.

"Mtani. Huko kwenu mtu akifa porini, inakuwaje?"

"Acha maneno hayo."

"Nakuuliza tu."

Mwanvita alikuwa anasuuza kitambaa. "Mwanamke aliye karibu anapiga kilio. Kikisikika, anayelima anatupa jembe, anayepika anaepua chungu. Hakuna asiyekwenda. Hata mwizi anautua mzigo wake njiani, na akifika msibani haulizwi alikuwa wapi."

Alipomaliza kusema, mkono wake ulisimama ndani ya maji. Ng'ambo ya bonde msumeno ulikuwa umeanza kazi. Hrr. Hrr.

"Basi nililie," alisema Thobias.

"Siwezi."

"Wale wanakimbia mtu anayeomba msaada. Hawawezi kukimbia msiba. Umesema mwenyewe."

"Ni uchuro! Kumlilia mtu aliye hai ni kukiita kifo kije kimchukue. Nimekuvunja, nimekufungia uozo, sasa na hili nikufanyie?"

Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka kosa lake. Thobias aliutazama mwavuli, akamtazama yeye.

"Niliuona unavuta tangu tuko chini," alisema. "Nikaruka. Kwa hiyo tugawane." Akapumzika kidogo. "Marehemu baba alipozikwa kule kwenye mashamba ya miwa, mtani wake, Mluguru kama wewe, alijilaza kaburini akasema hatoki, yeye ndiye maiti, apewe sanda. Mama alicheka huku analia. Kwa watani si uchuro."

"Ule ulikuwa mzaha."

"Na huu uwe mzaha. Nikifa kweli, utakuwa umewahi tu."

Mwanvita alipanda juu ya jiwe. Alifunua mdomo, kikatoka kitu chembamba kisichofika popote. Kilio cha uongo hakivuki bonde. Akajaribu tena. Akamtazama mtu aliyelala pale, mguu umeiva, na akafikiria mkono wake wa kulia, ule mkono uliosifiwa na ukumbi mzima. Alifikiria geti lililofungwa na wanawake sabini waliosimama nje na mikasi yao. Akafikiria kwamba hatamfikisha mjini akiwa hai. Hapo kilio kikaja chenyewe kutoka tumboni, kirefu, kikipanda na kuvunjika, kilekile alichompigia baba yake, na hakukuwa na mzaha wowote ndani yake.

Thobias alifumba macho. Si rahisi kulala chini na kusikia unavyoliliwa.

Msumeno ukanyamaza. Mwanvita aliendelea. Alijua kwamba akipumzika atasikia kimya kilekile, na kimya kile hakukitaka. Kisha sauti ya mwanamume ikavuka bonde, ndefu, ya kuuliza.

"Ni naaani?"

Hili hakulitarajia. Anayelia huulizwa jina, na jina lazima litajwe. Alimgeukia Thobias. Thobias akamwashiria kwa kidevu: sema.

"Thobias!" alilia Mwanvita. "Ni Thobias! Mwana wa Tabora! Ametuacha porini peke yetu!"

Na kutoka mbali chini, penye mashamba, sauti za wanawake zikaupokea msiba.

* * *

Walikuja wapasua mbao wanne, wametoka vichwa wazi, mashoka wameyaacha, mmoja amebeba shuka. Mkubwa wao, mtu wa makamo aliyejaa unga wa mbao mpaka kwenye kope, aliitwa Mikidadi. Alisimama mbele ya Mwanvita akainamisha kichwa.

"Pole sana, mama. Marehemu yuko wapi?"

Thobias akafumbua jicho moja. "Shikamoo," alisema. "Marehemu ndiye mimi."

Mwenye shuka alikimbia hatua kumi nzima kabla hajarudi. Mikidadi hakukimbia. Uso wake ulijaa hasira ya mtu aliyetegwa, akatazama nyuma kwenye miti, akingoja sare zitokeze. Hazikutokeza. Ndipo harufu ya mguu ilipomfikia. Aliinama, akafunua kitambaa, akakirudisha taratibu.

"Tangu juzi ni nyie mliokuwa mnaita?"

"Ni sisi."

Mikidadi alijifuta unga wa mbao kwenye kope. "Leteni ubao," aliwaambia wenzake. "Ule mpana."

"Kaka, ubao ule ukionekana barabarani sisi ndio tunakwenda ndani."

"Tutasema ni jeneza. Si kuna msiba?"

Walimlaza Thobias juu ya ubao wa mkangazi mbichi, wakamfunika mwavuli, wakashuka kwa njia ambayo Mwanvita asingeiona kwa mwaka mzima. Njiani alizimia mara mbili. Kila mara Mwanvita alimpiga kofi dogo shavuni akimwambia Wanyamwezi hawalali safarini.

Kwenye nyumba za kwanza msiba ulikuwa umeanza. Mikeka imetandikwa uani, wanawake kama ishirini wamekaa, vyungu viwili vipo motoni. Waliuona ubao, wakaanza kulia. Waliona kichwa kimeinuka juu ya ubao, wakanyamaza wote kwa pamoja.

Aliyewaongoza alikuwa kikongwe aliyeitwa Bibi Furaha. Alisikiliza maelezo yote bila kuinuka mkekani.

"Mpeni uji," alisema. "Mguu wa huyo hauwezi kungoja, mfunikeni blanketi mwende naye mjini sasa hivi. Lakini wewe uliyelia, huondoki. Kilio kimepigwa, jina limetajwa, watu wameacha mashamba. Hakiwezi kurudi hivihivi. Kikirudi kitamfuata yeye."

"Nifanye nini, bibi?"

"Kizikwe kitu. Kitu chake hasa, si tambara."

Wote wakautazama mwavuli. Ule mwavuli ndio ulikuwa kazi ya Thobias na wageni wake wa Jumamosi. Kwingine kote alikuwa dereva asiye na gari. Thobias aliishika rangi ya chungwa kwa vidole viwili, kama mama anavyopima kitenge dukani. Uji ulikuwa unamtiririka kidevuni.

"Mzikeni huyo," alisema, akageuza uso upande wa pili.

Waliuondoa juu yake, wakamfunika blanketi, wabebaji wakashika njia. Mwanvita alibaki. Wanaume walichimba chini ya mibuni, kina cha kiuno. Yeye alitandaza mwavuli kwenye majani, akaukunja kama alivyofundishwa kukunja turubai, pembe kwa pembe. Ulikuwa umechanika kila mahali. Alipofika kwenye mshono wake alipitisha kidole gumba kutoka mwanzo hadi mwisho. Haukuachia hata uzi mmoja.

Alitupia udongo wa kwanza yeye.

Mguu ulikatwa Jumatatu, juu ya goti. Mikidadi na mwenzake mmoja walikamatwa wakirudi, ubao ungali na damu, na walikaa ndani miezi minane. Mwanvita aliwapelekea chakula kila Ijumaa. Alirudi kushona, barazani kwake Mafiga, na mtu akimletea kitambaa kilichochanika humuuliza kwanza kinakwenda kufanya kazi gani, halafu hukaa nacho muda mrefu mikononi kabla ya kuvuta uzi. Wateja wengine wanaona anachelewesha.

Thobias huja na magongo yake, hukaa kwenye kiti cha wateja, humsema kwamba viazi vya Waluguru ni vidogo kama gololi. Siku moja mwaka uliofuata alikaa akitazama juu Bondwa, ambako wingu lilikuwa limekaa.

"Mtani, nilikuwa nawaza. Nikija kufa kweli, utanililia tena vile?"

Mwanvita alikuwa anatunga uzi kwenye sindano. Alikosa tundu, akalamba ncha ya uzi, akakosa tena.

"Tafuta mwingine," alisema. "Mimi siku ile nilikulilia kilio changu chote."

Thobias hakucheka. Mwanvita akaweka mguu kwenye kanyagio, na cherehani ikaanza kwenda.